Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akiwa na wiki 7. Sasa ana miaka 11, ananiuliza jicho litapona lini

Mama_Kiraka (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa muda mrefu, leo nina la kwangu.

Binti yangu alizaliwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto. Aliyeligundua ni nesi mmoja siku ya kupima uzito. Alimulika tochi, jicho la kulia likarudisha wekundu, la kushoto likarudisha weupe wa chaki. Akiwa na wiki 7 akaingizwa thieta. Lenzi yenye ukungu ikatolewa, hakupandikizwa nyingine, tukapewa lenzi laini ya kuvalisha juu ya jicho kwa vidole, pamoja na viraka vya kuziba jicho zima ili lile bovu lilazimike kufanya kazi.

Bandeji ilipofunguliwa nikaona mboni nyeusi kama ya mwenzake. Nililia, nikapiga picha, nikawatumia ndugu wote: "Amepona!" Neno hilo ndilo linalonisumbua leo. Miaka 11 imepita na jicho lile, hata likiwa na lenzi yake, linasoma mistari miwili tu ya juu kwenye chati ya herufi. Juzi amekaa kitandani akaniuliza, "Mama, mlisema nilipona. Sasa litapona lini?"

Sikuwa na jibu. Nauliza wenye watoto wakubwa, na hasa nyinyi mliofanyiwa wenyewe mkiwa wadogo: baada ya miaka 10 au 20 macho haya huishia wapi? Na ile miaka ya viraka, machozi yake na yangu, ilikuwa na faida yoyote?

Mgeni_Njiani

Nafuatilia kwa karibu. Wetu ametoka thieta wiki iliyopita, na ile picha ya "amepona" tumeshaituma.

Nesi_Tochi

Dada Mama_Kiraka, pole na hongera kwa pamoja. Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye kliniki ya macho ya watoto, na nikiri kwamba hilo neno hata sisi tunachangia kulisambaza. Lenzi ikitoka salama kila mtu mle ndani anashusha pumzi. Mzazi anaambiwa "imekwenda vizuri", yeye anasikia "imekwisha".

Kuona kunajifunzwa, na kunajifunzwa ubongoni, tena wiki za mwanzo kabisa za maisha. Hubel na Wiesel, waliopewa Nobeli mwaka 1981, walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Walipokuja kulifungua baadaye jicho lilikuwa halina kasoro yoyote, ila ubongo ulikuwa umeshalisahau. Seli zilizopaswa kuliitikia zilikuwa zimehamia kwa jicho lililobaki wazi. Ndivyo inavyotokea kwa mtoto mwenye ukungu jicho moja. Kwa kweli jicho moja ni kesi ngumu kuliko yote mawili, kwa sababu lile zima halisubiri mwenzake, linachukua nafasi yote.

Ndiyo maana tunalenga wiki ya 6 hivi kwa jicho moja na karibu wiki ya 8 kwa yote mawili. Wala hatukimbilii wiki ya kwanza: jicho lililofunguliwa kabla ya wiki 4 lina hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya jicho mbele ya safari. Kwa hiyo wiki zako 7 hazikuwa uzembe wa mtu.

Sasa swali lako la miaka 10. Kuna utafiti wa Marekani uliosajili watoto 114 wenye tatizo la jicho moja kama wako, wote walifanyiwa wakiwa kati ya mwezi 1 na miezi 6. Nusu walipandikizwa lenzi, nusu wakavaa lenzi ya juu ya jicho. Walifuatiliwa hadi miaka 10 na nusu. Asilimia 25 ya macho yale yalifika 6/12 au zaidi, yaani anachokisoma akiwa mita 6, mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 12. Asilimia 44 yaliishia 6/60 au chini yake. Mistari miwili ya juu kwenye chati nyingi ni 6/36. Binti yako yuko katikati ya kundi, hayuko mkiani.

Na mimi nikuulize: presha ya lile jicho ilipimwa lini mara ya mwisho?

Mama_Kiraka

Asante sana, hiyo 6/36 hakuna aliyewahi kunifafanulia hivyo. Presha... mwaka juzi. Tuliambiwa tuwe tunakwenda kila miezi 6 lakini jicho halimuumi, na shule nayo ikabana.

Nesi_Tochi

Mpeleke. Nitarudi hapa kueleza, niko zamu.

Jiwe_Kavu

Naomba nisieleweke vibaya. Mtoto ana jicho lingine zima kabisa. Kwa takwimu hizo, karibu nusu wanaishia 6/60. Mnamziba mtoto jicho zuri nusu ya siku, anagonga milango, anachekwa, miaka inapita, halafu mnavuna 6/60? Si mngemwacha na jicho lake moja akacheze na wenzake?

Mama_Kiraka

Jiwe_Kavu, hujaniudhi. Nimejiuliza hilo usiku mwingi kuliko unavyodhani. Akiwa na miaka miwili alijifunza kubandua kiraka na kukificha. Nilivikuta ndani ya viatu, nyuma ya kabati, kimoja amekibandika kwenye paja la mwanasesere. Nikaanza kumvalisha soksi mikononi. Siku moja alikaa chini katikati ya chumba, kiraka usoni, akakataa kutembea kabisa. Hakulia. Alikaa tu. Siku hiyo nilikibandua mwenyewe na kliniki sikusema.

Nesi_Tochi

Jiwe_Kavu, swali lako ni halali na wazazi wengi hulimeza. Majibu yangu ni haya.

Ile robo iliyofika 6/12 hakuna aliyejua mapema ni akina nani. Ratiba waliyopewa wote ilikuwa moja: saa 1 ya kiraka kwa siku kwa kila mwezi wa umri hadi miezi 8, baada ya hapo nusu ya muda ambao mtoto yuko macho. Waliovaa zaidi kwa wastani waliona vizuri zaidi, ingawa kiraka peke yake hakielezi tofauti yote. Wapo waliovaa kwa uaminifu wakapata kidogo, wapo waliovivaa kwa msimu wakapata zaidi. Mama_Kiraka, hilo ulisome mara mbili kabla hujajihukumu kwa ile siku.

La pili, jicho la 6/36 ni jicho la akiba. Jicho zima likiumizwa na mpira au kijiti, huyu binti bado ataweza kutembea barabarani na kuhesabu vidole vya mtu. Asiyewahi kutibiwa asingekuwa na hata hilo.

La tatu, na hapa nakubaliana nawe nusu: wapo wazazi ambao daktari amewaambia "acheni kiraka", kwa sababu jicho liligoma na nyumba ilikuwa imegeuka uwanja wa vita. Hiyo nayo ni tiba. Ila uamuzi huo unafanywa kliniki baada ya vipimo.

Macho_Manne

Mimi ndiye yule mnayemuuliza. Nina miaka 29. Nilifanyiwa macho yote mawili nikiwa na miezi 5, yaani nilichelewa kwa hesabu za Nesi. Nilikua na miwani minene ya kukuza, kila picha ya utoto macho yangu yana ukubwa wa bundi. Nikapandikizwa lenzi nikiwa darasa la kwanza. Leo nasoma 6/18 macho yote yakiwa wazi. Nafanya kazi kwenye kompyuta, maandishi nimeyakuza kidogo tu. Macho yangu hayatulii, yanachezacheza kama yanatafuta kitu, na nikichoka yanacheza zaidi. Gari siendeshi.

Nawaambia mambo mawili ambayo wazazi wangu hawakuambiwa.

Kwanza nyuso. Nikiwa mdogo nilidhani nina dharau, maana ndivyo nilivyoambiwa: napishana na shangazi yangu simsalimii. Kumbe akibadilisha mtindo wa nywele kwangu anakuwa mtu mwingine. Baadaye sana nikasoma kwamba Daphne Maurer na wenzake kule Canada walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2001. Watu waliozaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, wakatibiwa wakiwa wachanga, hata baada ya miaka 9 au zaidi ya kuona bado walipata shida kutofautisha nyuso zinazotofautiana kwa umbali mdogo tu kati ya jicho na jicho, au macho na mdomo. Niliposoma nilicheka peke yangu. Miaka yote ile nimeomba radhi kwa kosa la ubongo. Siku hizi nawatambua watu kwa sauti na mwendo, na wapya nawaambia mapema kwamba nikiwapita wanishike bega.

Pili presha, na hapa sicheki. Niliacha kliniki nikiwa na miaka 15. Nilikuwa naona vizuri, nimechoka kuulizwa herufi, na wazazi wakaona nimeshakuwa mkubwa. Nikiwa na miaka 20 nilikwenda kubadilisha miwani tu. Mpimaji akapima presha, akarudia, akanyamaza, akaita mwenzake. Jicho la kulia lilikuwa 34. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Sikuwa na maumivu hata chembe. Lakini walipopima upana wa kuona, kipande kizima cha upande wa pua kilikuwa kimekwenda, na hakirudi. Leo natumia matone ya aina mbili asubuhi na jioni na nimeshafanyiwa upasuaji mmoja wa kushusha presha.

Mama_Kiraka, "jicho halimuumi" ndiyo sentensi ya mama yangu, neno kwa neno.

Mgeni_Njiani

Nimeganda hapa. Kwani presha inatoka wapi kama upasuaji ulikwenda vizuri?

Nesi_Tochi

Nimetoka zamu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kuchujwa kila siku, na tundu za kuyatoa ziko kwenye kona pale konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, inapokutana na sehemu yenye rangi. Kwa mtoto mchanga mfereji huo bado unajijenga. Jicho likifunguliwa mapema, kukawa na uvimbe, mabaki ya lenzi na mabadiliko mengine ambayo wataalamu bado wanabishana nayo, mfereji hauji kufanya kazi sawasawa. Wenye macho madogo kuliko kawaida wako hatarini zaidi.

Cha kuogopesha ni mwendo wake. Katika wale watoto 114, glakoma, yaani presha iliyofikia kuharibu jicho, ilikuwa kwa asilimia 9 baada ya mwaka 1, asilimia 17 baada ya miaka 5, asilimia 22 baada ya miaka 10. Ukijumlisha na wale ambao presha ilikuwa inatia shaka, ni asilimia 40. Mstari unaendelea kupanda. Hakuna mwaka wa kusema "tumevuka". Ndiyo maana mtoto huyu ni wa kliniki maisha yake yote, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Kwa mtoto mchanga ishara zipo: machozi mengi, kukimbia mwanga, jicho kuonekana kubwa au lenye ukungu wa buluu. Kwa mtoto mkubwa, kama alivyosema Macho_Manne, mara nyingi hakuna ishara. Kipimo tu.

Na msisahau pazia la nyuma ya jicho, retina. Inaweza kubanduka miaka mingi baada ya upasuaji. Akiona vimulimuli, nzi weusi wanaoelea kwa ghafla, au kivuli kama pazia kinashuka upande mmoja, anapelekwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Baba_Miwani

Niongeze upande wenye nafuu, uzi usije ukawatisha wageni. Wangu ukungu ulimjia taratibu, alifanyiwa yote mawili akiwa na miaka 7, akapandikizwa lenzi humohumo. Sasa ana miaka 15, anasoma 6/9. Ubongo wake ulishajifunza kuona kabla ukungu haujakolea, hiyo ndiyo tofauti yake na hawa wa tangu kuzaliwa.

Ila kuna mitego. Mwaka wa pili alianza kulalamika ukungu umerudi, nikaogopa. Kumbe ni utando uliomea kwenye kifuko cha nyuma ya lenzi. Alikaa mbele ya mashine, wakautoboa kwa miale ya leza, tukarudi nyumbani mchana uleule. (Kwa wadogo zaidi daktari hukitoboa kifuko hicho mapema, palepale thieta, kwa sababu kwao utando unamea haraka mno na hawawezi kutulia kwenye mashine.)

Mtego mwingine ulitugharimu muhula mzima. Lenzi bandia haijikunji kama ya kuzaliwa nayo. Ikipangwa kuona mbali, vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Mtoto anasoma ubaoni vizuri, kwenye daftari anakosea, mwalimu anasema mvivu. Alihitaji miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali, chini ya kusomea, kama ya mzee wa miaka 60. Tangu siku aliyoipata hakuna aliyemwita mvivu tena, na msamaha sikuusikia.

Jiwe_Kavu

Hapo kwa mwalimu nimekuelewa kabisa.

Mgeni_Njiani

Swali kwa Nesi. Wetu ana miezi 3 na hakupandikizwa lenzi. Jirani anasema tumepunjwa, tungedai lenzi ya ndani.

Nesi_Tochi

Hamjapunjwa. Katika utafiti uleule makundi mawili yalilingana kwa kuona, miaka 5 na miaka 10 na nusu. Hayakulingana kwa kurudi thieta: ndani ya miaka 5, asilimia 72 ya waliopandikizwa walihitaji upasuaji mwingine ndani ya jicho, dhidi ya asilimia 21 ya wale wa lenzi ya juu. Kufuatilia kwa miaka mingi watoto wa chini ya miaka 2 huko Uingereza kumeonyesha mwelekeo huohuo, na kwamba kupandikiza hakukingi presha kama ilivyowahi kudhaniwa. Pia jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, la mtu mzima 23 au 24. Lenzi unayompimia leo haitamfaa kesho, kama kiatu, ila kiatu hiki kiko ndani ya jicho. Ya juu unabadilisha kila jicho linapokua, na ya ndani anaweza kuja kuwekewa akikua.

Kupandikiza mapema kuna mahali pake, hasa kwa familia ambayo kumudu lenzi ya kuvua na kuvaa haiwezekani kabisa. Lakini jirani asikunyime usingizi.

Shangazi_Mkubwa

Jamani, na aliyechelewa moja kwa moja? Mpwa wangu ana miaka 12, ukungu wa kuzaliwa macho yote mawili, hajafanyiwa kitu. Tumeambiwa "ubongo umeshafunga".

Macho_Manne

Shangazi, msikubali neno hilo kabla daktari wa macho ya watoto hajamwona. Kuna mradi nchini India unaoitwa Prakash, ulioanzishwa na Pawan Sinha, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, ambao umewafanyia watoto wakubwa na vijana waliozaliwa hivyo. Hawakupata macho makali. Lakini wengi walipata kuona kwa kufaa kitu: kutembea bila kushikwa, kutambua vitu, kujua nani ameingia chumbani. Walipopimwa siku chache tu baada ya upasuaji, hawakuweza kulinganisha kwa macho kitu walichokuwa wamekishika kwa mikono. Baada ya muda mfupi wakaanza kuweza. Ubongo haufungi mlango kwa kishindo, unaurudisha polepole.

Nesi_Tochi

Nakazia, pamoja na tahadhari. Mpwa wako akifanyiwa, mwandaeni kwa wiki ngumu. Mwanga utamchosha, vitu vitamchanganya, na anaweza kufumba macho ili atembee kama alivyozoea. Familia ikitegemea aruke kwa furaha siku ya bandeji, yeye ndiye atakayejiona amewaangusha.

Mama_Kiraka

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Presha ya kushoto 25. Daktari amepima na unene wa konea, akasema macho yaliyotolewa lenzi utotoni mara nyingi konea zake ni nene na huongeza namba juu ya ilivyo kweli, kwa hiyo hajaita glakoma. Ameita "inatia shaka". Mshipa wa fahamu wa jicho bado uko vizuri, wameupiga picha ya kulinganishia. Hakuna matone kwa sasa, tunarudi baada ya miezi 3. Kiraka amesema tuache, kwa umri huu hakitaongeza kitu. Ameandika miwani ya plastiki ngumu isiyovunjika, ya kuvaa muda wote, kwa ajili ya kulinda lile zima. Binti amechagua fremu ya machungwa, inaonekana kutoka barabara ya pili.

Kuhusu swali lake nilimjibu ndani ya basi. Nikamwambia nilikosea siku ile kusema amepona, kwamba jicho litabaki linaona kidogo na kazi yetu ni lisipungue. Nilitegemea alie. Akauliza kama maana yake hakuna viraka tena. Nikasema hakuna. Akasema basi sawa, akageukia dirishani.

Usiku nimempa simu asome uzi huu, maana unamhusu. Alivaa miwani yake ya kusomea, akaziba jicho zima kwa kiganja, akaikuza skrini hadi mwisho, akaisogeza karibu na pua. Ilimchukua kitambo, herufi moja moja, lakini kichwa cha habari kwa jicho la kushoto amekimaliza. Kisha akanirudishia simu akasema nirekebishe, hana miaka 11, ana 11 na nusu.